Dawa ya Kumlaza Mtoto

Nilikuwa na kazi ya kuwachekesha watu kwa habari za sumu. Siku mbili kwa wiki nilivaa gauni refu la kahawia lenye vifungo mpaka shingoni, nikafunga aproni nyeupe, nikasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa katika kijiji cha makumbusho kaskazini mwa Toronto, nikijifanya mke wa mfamasia wa enzi za Malkia Viktoria. Kwamba mke wa mfamasia wa enzi zile awe ametokea Tanga, wageni walilimeza hilo bila kutafuna. Watu wazima wa Toronto wana adabu, hawaulizi. Watoto wao ndio wanaouliza.

Duka lenyewe lilikuwa zuri, nisiseme uongo. Dirishani palikaa magudulia mawili makubwa ya kioo yenye maji ya rangi, moja jekundu na jingine la kijani. Ukuta mzima ulikuwa wa droo ndogo ndogo zenye majina ya Kilatini. Palikuwa na kinu cha kaure na mchi wake, mizani ya shaba, na mtungi wa ruba wa kunyonya wagonjwa damu, ingawa ruba wetu walikuwa wa plastiki. Nyuma yangu, rafuni, ndiko zilikokaa dawa za chupa, zile zilizouzwa kwa picha na sifa bila mnunuzi kuambiwa ndani mna nini. Siri ilikuwa mali ya mwenye dawa. Chupa moja ilitibu figo, upara, minyoo na huzuni, na ukiichunguza ni pombe iliyotiwa rangi. Nilikuwa nawaambia wageni kwamba akina mama wa kanisani, walioapa kutoonja ulevi, walipiga vijiko vyao kila jioni wakaenda kulala wamechangamka. Hapo walicheka.

Kisha nilishusha chupa niliyoipenda kuliko zote, sharubati ya kutulizia watoto wachanga. Kwenye lebo alichorwa mama mwenye mashavu, na mtoto mnene amelala mapajani mwake, na chini imeandikwa kwamba dawa hii haimdhuru mtoto hata kidogo. Ndani mlikuwa na afyuni, ile kasumba ya kulevya. Mtoto aliyekuwa akisumbuliwa na meno alipewa kijiko, akanyamaza. Kipimo kikizidi, alinyamaza moja kwa moja. Nikisema hivyo nilikaa kimya kidogo, halafu naongeza, "Lakini mama naye alipata usingizi wake." Wakacheka kile kicheko cha kujishika mdomo. Ule ulikuwa mzaha wangu bora.

Siku ninayoikumbuka lilikuja darasa zima la shule. Nilipomaliza mzaha wangu, binti mmoja asiye na meno ya mbele aliinua mkono.

"Mama zao hawakujua?"

"Lebo haikusema," nikamjibu.

"Si wangeuliza?"

Mwalimu akamvuta waende kwa mhunzi. Nilikereka. Mtu ameshajenga kicheko chake vizuri, anakuja mtoto kukibomoa.

Nyumbani nilikuwa na mtoto wa kiume wa miezi mitano. Tuliishi Etobicoke, katika mojawapo ya yale maghorofa marefu ambako ukipanda lifti unanusa chakula cha kila nchi. Mume wangu alifanya kazi kwenye ghala huko Downsview, na mtoto alibaki na mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kutusaidia kulea. Bila yeye nisingerudi kazini. Nilimpenda, na alinitia hasira kila siku, yote mawili kwa pamoja. Alifungua madirisha wakati hita inawaka. Aliosha mifuko ya plastiki na kuianika bafuni. Na mjukuu wake alikuwa akimwita "mume wangu", kama bibi wa kwetu wanavyofanya.

"Mume wangu leo kanuna," ananiambia nikiingia. "Kaoa wake wawili, hajui alale kwa nani."

Huyo mume wake alikuwa na gesi. Alilia kila alasiri, amekunja miguu, uso umeiva, mpaka jirani wa chini anagonga dari. Zahanati walituambia tumsugue tumbo, tungoje, kwamba yatapita yenyewe. Mama mkwe alisikiliza tafsiri yangu akasonya. Kungoja siyo dawa, alisema. Nikamwambia, "Mama, huku mtoto hapewi kitu chochote bila daktari." Akasema, "Sawa, mwanangu." Sasa ninajua kwamba sawa ya mama mkwe wangu ilimaanisha amesikia, basi.

Siku ile ya darasa la shule nilirudi jua bado liko juu. Nilipofungua mlango nilikuta kimya. Saa zile kwa kawaida kilio nilikisikia tangu mlango wa lifti.

"Mume wangu kalala," mama mkwe akaniambia kutoka jikoni, anakaanga vitunguu. Alikuwa amejaa furaha. "Leo katulia. Hata kulia hakulia."

Na mimi nikafurahi. Nikavua viatu, nikajimiminia chai kutoka kwenye chupa, nikakaa kwenye kochi nikaweka miguu juu. Nilikuwa nimeshafika nusu ya kikombe nilipojisikia, kichwani, nikiusema mzaha wangu mwenyewe. Lakini mama naye alipata usingizi wake.

Nikaweka kikombe chini. Nilienda chumbani taratibu, najicheka kwamba kazi imeniharibu akili.

Uso wake ulikuwa mwekundu, midomo imekauka. Niliinua mkono wake, nikauachia, ukaanguka. Nikamwita. Nikamwita tena kwa sauti. Nilimtekenya nyayo, jambo ambalo hakuwahi kulivumilia, akatulia vilevile. Niliweka kiganja kifuani pake nikausikia moyo wake unakimbia, unakimbia mno, na mtoto mwenyewe hayumo. Nikamfunua kope. Jicho lilinitazama kidogo, kisha likapanda juu.

Nilipiga yowe. Sijawahi kujisikia nikitoa sauti ile. Mama mkwe alikuja na mwiko mkononi, akasimama mlangoni, na nilipomwona alivyomtazama mtoto nikajua kuna kitu amempa.

Nilipiga simu ya dharura. Mtu wa upande wa pili aliuliza kama anapumua, nikasema anapumua. Akaniambia nisikate simu, nihesabu pumzi zake, na mimi nilihesabu nikapoteza hesabu, nikaanza upya, nikapoteza. Wahudumu wa gari la wagonjwa walipofika waliuliza kwanza walilopaswa kuuliza. Amekula nini? Amepewa dawa gani?

Nilimgeukia mama mkwe. "Mama, wanauliza umempa nini mtoto."

"Maziwa."

"Na nini?"

Akajitanda khanga, akatufuata kwenye gari vilevile na ndala zake, na nje kulikuwa na baridi ya majani kupukutika.

Hospitali walimlaza kwenye kitanda chenye vyuma, wakambandika nyaya kifuani, wakamtafuta mshipa kwenye mkono mdogo ule wakaukosa, wakautafuta tena. Hakulia alipochomwa. Kwa mama hakuna jambo la kutisha kuliko mtoto kuchomwa sindano asilie. Nilimpigia mume wangu simu, haikupokelewa, maana kule ghalani simu hufungiwa makabatini. Nikabaki mimi na bibi yake.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, amefunga nywele kwa kalamu. Akaniuliza kama nyumbani kuna dawa za usingizi, za maumivu, za kikohozi, au kama kuna mtu anayetumia bangi. Nikasema hakuna, isipokuwa vidonge vya presha vya mama mkwe. Mama mkwe alipoelewa akavitoa mkobani, vimefungwa kwenye leso na havijaguswa. Daktari akasema kuna dawa anayoweza kumpa mtoto, lakini kama alichomeza ni kitu kingine, dawa hiyo inaweza kumzidishia. Alihitaji kujua. Alilisema hilo kwa upole, na upole wake ndio ulioniogopesha.

"Mama," nikasema. "Niambie. Umempa nini?"

"Usiniulize wewe."

"Nani akuulize? Nani mwingine yuko hapa?"

"Yeyote. Siyo wewe."

Nilihamaki. Nilidhani ananidharau, kwamba hata hapa, juu ya kitanda cha mtoto wangu, ananionyesha kuwa mtoto ni wa ukoo wao na mimi ni mpita njia. Nilimpigia kelele mpaka nesi akanishika bega. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama wa mumewe, kwamba mtoto akifa asirudi tena nyumbani kwangu hata kuchukua nguo zake. Machozi yalikuwa yanamtoka na mikono ameibana mdomoni kama mtu anayezuia kutapika.

"Siwezi, mwanangu," akasema hatimaye. "Nikikwambia wewe itamgeukia."

Itamgeukia. Neno hilo nililijua. Nilikuwa mtoto, Tanga, na mdogo wangu alikuwa mchanga na anaumwa, na bibi yangu akamwambia mama yangu, "Mama mtoto, katoke ukateke maji." Pipa lilikuwa limejaa. Nilimwona mama amesimama uani na ndoo tupu, ameipa nyumba mgongo, hateki chochote, mpaka alipoitwa. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia kwamba dawa za kizee zina mwiko wake, na mwiko wa ile ni kwamba mwenye mtoto haambiwi. Akiambiwa tu kabla mtoto hajapona, dawa inamgeukia mtoto.

Kwa hiyo mama mkwe hakuwa ananidharau. Alikuwa na mjukuu asiyeamka, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba akinitajia mimi kile alichompa, atamuua palepale.

Mimi siamini mambo hayo. Nilisimama pale nikajiambia hivyo, kwamba siamini, kwamba nimesoma, kwamba ninalipwa kuwaeleza watu ujinga wa dawa zisizosema zilicho nazo. Nikamgeukia daktari.

"Nitafutie mkalimani," nikasema.

"Si unazungumza Kiswahili wewe?"

"Katika chumba hiki, mimi ndiye mtu pekee asiyeweza kuambiwa."

Sijui alielewa nini. Lakini hakubishana, na kwa hilo bado namwombea dua. Nesi alileta simu yenye spika, akabonyeza, na baada ya muziki kidogo ikatoka sauti ya mwanamume, Kiswahili cha Kongo, cha mtu aliyezoea kupokea simu na kukuta wengine wanalia.

"Jambo, mama. Niko hapa juu ya kukusaidia. Sema tu, usiogope."

"Kwanza atoke mwenye mtoto," mama mkwe akasema.

Nikatoka. Mlango ukafungwa.

Pale ukumbini palikuwa na mashine ya kuuzia soda na bomba la maji ya kunywa. Nilisimama na mikono haina pa kukaa. Kila nilipofumba macho niliiona ile lebo, yule mama mwenye mashavu na mtoto wake mnene amelala. Haimdhuru mtoto hata kidogo. Si wangeuliza, yule binti alisema, na mimi nilikuwa nimetoka nje kwa miguu yangu ili nisiulize. Nilitaka kutega sikio mlangoni. Badala yake nilisogea mbali zaidi, mpaka sauti ya yule bwana wa simu isisikike kabisa. Nikachukua kikombe cha karatasi nikakijaza maji, wala sikuyanywa.

Daktari alipotoka alikuwa anatembea haraka, nikaona uso wake umelegea kidogo.

"Tumejua ni kitu gani," akasema. "Ni ..."

"Usiniambie."

Akanitazama.

"Wewe ni mama yake. Lazima ujue."

"Nitajua. Naomba afumbue macho kwanza. Nijibu moja tu, ataamka?"

"Nadhani ataamka. Na sasa najua nisimpe nini."

Maji yalinimwagikia mkononi. Kama wageni wangu wa makumbusho wangeniona pale, mke wa mfamasia, bingwa wa kufichua siri za chupa, nikimsihi daktari asiseme, wangecheka kuliko walivyopata kucheka. Sikujali. Sikuwa na nafasi ya kujaribu kama mwiko ni kweli au si kweli. Nilikuwa na mtoto mmoja.

Tulikaa pande mbili za kitanda, mama mkwe na mimi. Mume wangu, alipotoka zamu na kuona simu yangu, alifika na viatu vyake vya kazini, akasimama miguuni pa mtoto, akashika chuma cha kitanda akaking'ang'ania. Mashine ilikuwa inapiga mlio wake. Nilijifunza kuuchukia, halafu nikajifunza kuogopa usije ukakoma. Mama mkwe aliinama kwenye sikio la mtoto.

"Mume wangu," alimwambia. "Mume wangu, usinifanyie hivi ugenini. Nitamwambia nini babu yako?"

Aliendelea kumwambia mambo madogo madogo. Kwamba amemtengea uji. Kwamba kule Tanga mbuzi wake amezaa. Kwamba akiamka atamruhusu alie apendavyo, jirani wa chini agonge mpaka dari litoboke. Nje dirishani taa za barabarani zilikuwa zinaanza kuwaka, na mimi nilikuwa nimeshika kidole kimoja cha mtoto kwa sababu ndicho pekee kisichokuwa na plasta.

Kile kidole kilinishika.

Halafu akakunja uso. Akafumbua macho, akatutazama wote watatu mmoja mmoja kama watu waliomwamsha bila sababu, akaanza kulia kwa sauti iliyokwaruza. Mume wangu alikaa sakafuni. Mama mkwe alipiga kigelegele kilichomkwama katikati, na nesi akaja mbio akidhani kuna mtu amekufa.

"Sasa," nikamwambia daktari.

Kungumanga. Kitu nilichonacho kabatini kwenye mkebe, ninachotia kwenye biriani na wakati mwingine kwenye kahawa. Kidogo tu humlegeza mtoto. Kikizidi humfanya hivi. Daktari aliongea habari za moyo na mwili kukauka, na kwamba atabaki hapa wamwangalie. Wakati anaongea, mama mkwe aliziba masikio kwa khanga asisikie jina lile likitajwa mbele yangu. Alipoona daktari amenyamaza akaachia.

"Kakwambia?"

"Kaniambia."

Akamtazama mtoto. Akamtazama sana. Na mimi nikamtazama.

Hapo ndipo mama mkwe alipoongea, maana mwiko ulikuwa umeshavunjika na hapakuwa na cha kuficha. Mama yake ndiye aliyemfundisha. Kungumanga husuguliwa kwenye jiwe la liwa, lile jiwe dogo la kusugulia mti wa kujipaka, kwa matone ya maziwa ya mama. Unazungusha mara chache, basi, kinachobaki juu ya jiwe ndicho kipimo. Watoto wote wa nyumba yao wamelelewa hivyo, na huyu baba wa mtoto hapa pia. Lakini jiwe alilibakisha Tanga. Sanduku lilizidi uzito, na mwanawe akamwambia kwenye simu, "Mama, utabeba mawe mpaka Kanada? Kwani huku hakuna mawe?" Akaliacha. Huku alipotafuta hakuona jiwe, akaona kile kibati changu cha kukwaruzia tangawizi, akakitumia, na kikatoa unga mwingi mwepesi kama vumbi. Hakujua wapi pa kuishia. Kipimo kilikuwa kwenye jiwe.

Mume wangu alisikiliza yote hayo akiwa palepale sakafuni. Akauficha uso magotini.

Mtoto alinyonya kidogo, akachoka, kope zikaanza kumshuka. Mama mkwe alinitazama na mimi nikamtazama, na tukajua tunaogopa kitu kimoja, yeye kwa sababu zake na mimi kwa zangu, na sijui hata leo kama zilikuwa tofauti. Nimeshaambiwa. Kama dawa itamgeukia, ni sasa. Alipofumba macho tu, mama mkwe alimfinya kisigino. Akalia, akanyamaza, akafumba tena. Nikamfinya mimi.

Nesi alikuja kubadilisha dripu akatukuta katika kazi hiyo. Akaangalia mashine, akamgusa mtoto shavu, akatabasamu.

"Mwacheni alale," akasema. "Huu sasa ni usingizi wa kawaida."

"Hapana," nikamwambia kwa Kiingereza.

Mama mkwe hakujua neno moja la alichosema nesi.

"Hapana," akasema naye, na mkono wake ulikuwa umeshafika kisiginoni.